Kwaya imbeni, lakini na sisi mtuachie tuimbe!

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuongee mambo ya kanisani. Usigeuze ukurasa! Najua mmezoea tukikutana hapa tunaongea mapenzi, mitindo ya nywele na nani kaachana na nani. Basi hata hili la leo lina mapenzi ndani yake, tena lina pesa, lina ugomvi na watu kununiana miaka. Tulia, utaona.

Jumapili moja hivi karibuni nilikwenda kanisani na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka saba. Siku hiyo ilikuwa ya kwaya ya vijana. Sare mpya za zambarau, viatu vinang'aa, spika ndefu kama mtu mzima zimesimama kila upande, na mpiga kinanda kavaa miwani ya jua humo humo ndani ya nyumba ya Bwana. Walipoanza, bwana wee! Besi ilitetemesha madirisha mpaka unaisikia tumboni. Hatua wamezipanga, mikono inakwenda pamoja, si mchezo. Watu wakachomoa simu wakaanza kurekodi. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vigelegele kila kona, na mama mmoja akainuka kwenda kuwatunza noti za elfu kumi kumi.

Mtoto akanivuta shati. "Anko, na sisi tutaimba saa ngapi?"

Nilitaka kumwambia anyamaze. Halafu nikageuka kuwaangalia watu. Kanisa limejaa mpaka kwenye mabenchi ya nje, na midomo yote imefungwa. Walikuwa wamefurahi, hilo sikatai, lakini wamefurahi kama watu waliolipa kiingilio. Hata ulipofika wimbo wa kitabuni, wimbo ambao kila mmoja anaujua tangu Shule ya Jumapili, kwaya waliuchukua kwa mtindo mpya na kuupandisha juu huko ambako hata mimi, tena wa zamani, sifiki. Watu wakajaribu ubeti wa kwanza, wakashindwa, wakakaa kimya wakisubiri uishe.

Swali la mtoto nililala nalo. Na lilinikaa rohoni kwa sababu moja: najua tulifikaje hapo. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliotufikisha.

KANDA YETU NA BALAA LAKE

Niliingia kwaya mwaka 1993, hapa hapa Dar. Usharika sitautaja, na waliokuwepo watajijua. Wakati huo sikuwa na kazi, nilikuwa mtu wa kijiweni, na ukweli usemwe: kwaya ndiyo iliyoniokoa. Mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Saa za kwenda kuharibikiwa zilikuwa hazipatikani.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa fundi cherehani. Chuo cha muziki hajawahi kukikanyaga, lakini alikuwa anaandika noti ubaoni kwa chaki, do-re-mi, sauti zote nne, soprano mpaka besi, huku vumbi la chaki likimkaa kwenye nywele. Alitoa sauti kwa mdomo, "mmmh", kila mtu akashika ya kwake. Kinanda hatukuwa nacho. Ngoma moja na kayamba, basi.

Enzi hizo kanda za kwaya zilikuwa zinalia kila mahali. Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13 kule Tabora, Makongoro ya Mwanza, Chang'ombe ya hapa Dar: hao walikuwa mastaa kuliko wanamuziki wa dansi. Na sisi tukajiuliza, kwani wao wana nini? Mwaka 1996 usharika mzima ukachangishwa. Akina mama wakapika pilau likauzwa baada ya ibada, wazee wakatoa, tukanunua kinanda cha umeme, tukaingia studio, tukatoka na nyimbo kumi.

Kanda ikapendwa. Ukipita Kariakoo unaisikia. Wasichana waliokuwa hawaniangalii wakaanza kuniita kaka. Ila mshiko hatukuuona. Msambazaji anasema kanda hazitoki, huku tunaziona mpaka kwenye mikokoteni, zimetolewa kopi na watu wasiotujua wala sisi kuwajua. Kumbuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na ndiyo iliyoleta COSOTA. Sisi mwaka 1996 tulisaini karatasi ambayo hata mwalimu wetu hakuisoma yote.

Pesa isipoonekana, huonekana mchawi. Wakaanza: mwenyekiti kala. Hapana, mwalimu kahongwa. Hapana, wale wa soprano wanataka kuanzisha kwaya yao. Kwenye mazoezi tukawa tunaimba huku tumenuniana, tena nyimbo za upendo! Mwanzoni mwa mwaka 1998 kwaya ikapasuka vipande viwili. Kipande kimoja kikahamia kanisa lingine, na kinanda kikaondoka usiku juu ya pikapu. Kile kinanda cha pilau la akina mama.

JUMAPILI BILA KWAYA

Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi kama waumini wengine, mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Mchungaji akataja namba ya wimbo. Kimya. Tukatazamana. Kila mmoja anamsubiri mwenzake, maana miaka yote ile kazi ya kuimba tulikuwa tumeishika sisi, na wao walishazoea kutuangalia. Mchungaji akaanza mwenyewe, akaanza chini mno, sauti ikamfia ubeti wa pili.

Ndipo bibi mmoja wa benchi la tatu akauokota ule wimbo. Bibi huyo alikuwa muuza vitumbua, kusoma hajui. Hakutafuta noti, alianzia pale sauti yake ilipokuwa, na ilikuwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayeimba huku anafua. Kwa hiyo kila mtu akaifikia. Wanaume wakaingia kwa chini, watoto wakaingia, na wazee waliokuwa wanasinzia enzi zetu wakaingia na sauti za pili na za tatu ambazo hakuna aliyewafundisha. Ubeti wa tatu paa lilikuwa linaitika.

Na mimi? Aibu tupu. Nyimbo zetu kumi za kanda nazijua nyuma mbele. Ule wa kitabuni nikaishia ubeti wa kwanza, nikabaki nafungua mdomo kama samaki.

Baada ya ibada nikamfuata. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, beti zote zile umejifunzia wapi?"

Akacheka. "Wapi tena? Si hapa hapa! Kabla hamjaja nyinyi na vyombo vyenu, tulikuwa tunaimba." Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo ninalo: "Mimi shule sikwenda. Mchungaji akihubiri, nikifika getini nimesahau. Wimbo mwanangu unanifuata mpaka jikoni."

Hebu lifikirie hilo. Kwa mtu asiyesoma, wimbo ndio maktaba. Imani yake yote, kuzaliwa kwa Yesu, msalaba, kufufuka, kifo na matumaini, ameipata kwa kuimba, na imekaa kwa sababu ameiimba kwa mdomo wake mwenyewe. Kuisikia kwenye spika za watu kusingetosha.

UGOMVI HUU NI WA KALE

Usije ukadhani kelele hizi zimeanza na spika. Nimefuatilia, nikakuta Wakristo wamegombania muziki tangu zamani za kale.

Karne ya nne, viongozi wa kanisa walikutana Laodikia, nchi ambayo leo ni Uturuki. Ndiyo Laodikia ile ile ya Ufunuo, ya watu wasio moto wala baridi! Wakapitisha amri kwamba kanisani wasiimbe watu wengine isipokuwa waimbaji rasmi, wanaopanda mahali pao na kuimba kutoka kitabuni. Unaona? Waumini kunyamazishwa ni jambo la zaidi ya miaka 1,600.

Agostino, askofu wa Hippo kule ambako leo ni Algeria, alikuwa na shida nyingine. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia kwamba nyimbo za kanisani zilimliza alipookoka. Lakini hapo hapo anaungama kwamba kuna wakati sauti tamu inamfurahisha kuliko maneno yanayoimbwa, na akijikuta hivyo anaona ametenda dhambi. Agostino angekaa benchi langu Jumapili ile angetoka nje.

Karne ya 16 mambo yakawa moto zaidi. Martin Luther alitaka watu wa kawaida, wachuuzi na mafundi viatu, waimbe kwa lugha ya nyumbani. Kijitabu cha kwanza cha nyimbo za Kilutheri, cha mwaka 1524, kilikuwa na nyimbo 8 tu, na 4 kati yake aliziandika Luther mwenyewe. Wakati huo huo kule Zürich, Uswisi, mwenzake Zwingli akaenda njia nyingine: akafuta muziki wote ibadani, na mwaka 1527 vinanda vya makanisa vikavunjwa. Na kioja chenyewe ni kwamba Zwingli alikuwa fundi wa kupiga vyombo vingi kuliko hao wote! Alijua utamu wake, akauogopa. Watu wa Zürich walikaa bila kuimba kanisani mpaka mwaka 1598.

Wawili hao walisoma Biblia moja. Na Biblia yenyewe ina pande zote mbili. Zaburi ya 150 inaita baragumu, kinubi, matari, kucheza, filimbi na matoazi, vyote vimsifu Mungu. Nabii Amosi naye, sura ya tano, anasema Mungu amechoshwa na kelele za nyimbo za watu wanaodhulumu wenzao. Mimi nikikumbuka tulivyokuwa tunaimba tumenuniana kwa ajili ya pesa za kanda, najua Amosi alikuwa anamsema nani.

NGOMA ILIPOFUNGIWA NJE

Ugomvi huo ulipanda meli ukaja kwetu. Wamisionari walipofika walileta nyimbo za kwao, wengi wao wakasema ngoma zetu ni za kipagani, zikae nje. Wakaleta na noti za do-re-mi. Hizo zilitoka Uingereza, kwa mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich aitwaye Sarah Glover, na mchungaji John Curwen akazisambaza katika karne ya 19. Hili tuwashukuru. Bila do-re-mi, fundi cherehani wetu angefundishaje sauti nne kwa chaki?

Lakini tyuni zenyewe zilitubana. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema BWA-na, tunasema ne-E-ma. Tyuni nyingi za Kijerumani na Kiingereza mstari unamalizikia kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho kabisa. Kiswahili kikitiwa humo, Bwana anageuka bwa-NA na neema inageuka nee-MA. Tumezoea mpaka hatusikii tena, ila msikilize mtoto anayeimba kwa mara ya kwanza, utaona anavyojikwaa. Na zipo lugha za Kibantu ambazo sauti ikipanda au kushuka neno linabadilika maana. Huko mambo yalikuwa magumu zaidi.

Sasa nikupe habari tamu. Mwaka 1966, katika chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha, mwanafunzi mmoja Mhaya, Bernard Kyamanywa, aliandika wimbo wa Pasaka akautia kwenye mahadhi ya kwao. Unaitwa Mfurahini, Haleluya. Pale chuoni kulikuwa na mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyekuwa anahimiza na kukusanya nyimbo za namna hiyo. Wimbo ukatafsiriwa Kijerumani, ukatafsiriwa Kiingereza. Leo ukifungua kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, kilichotoka miaka ya 1990, utaukuta namba 116. Yaani Wajerumani, wale wale waliotuletea tyuni zao, Pasaka wanasimama wanaimba mahadhi ya Bukoba!

Wakatoliki nao walikuwa njiani. Mwaka 1958 kule Kamina, Katanga, nchi ya Kongo ambako Kiswahili kinazungumzwa, padri Mbelgiji aitwaye Guido Haazen na vijana wake walitoa Missa Luba, maneno ya misa ni ya Kilatini lakini mahadhi na ngoma ni za Kikongo. Mwaka 1963 padri wetu wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alitoa kitabu kizima juu ya sheria za kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturjia, ikatamka kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake ibadani, na kwamba waumini washiriki kwa kuimba, wasikae kama watazamaji. Ngoma iliyokuwa imefungiwa nje ikaingia kwa mlango wa mbele.

Na kama bado unadhani wimbo wa kanisa ni jambo dogo, simama wima: Mungu Ibariki Afrika imetokana na wimbo wa mwaka 1897 wa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti na mwalimu wa kwaya kule Afrika Kusini. Ukiimba wimbo wa taifa, Mwislamu, Mkristo au asiye na dini, unaimba tyuni ya mwalimu wa kwaya. Ikaenea nchi kadhaa za Afrika kwa sababu gani? Kwa sababu kila mtu anaiweza.

KUIMBA PAMOJA KUNA SIRI

Hapo ndipo penyewe. Wimbo wa ibada kazi yake ya kwanza ni kuwafanya watu wengi kuwa mmoja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walipima mapigo ya moyo ya kundi dogo la vijana wakiimba pamoja. Wakakuta mapigo yao yanaanza kupanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo unawafanya wavute pumzi kwa pamoja. Bibi wa vitumbua asingehitaji mashine kujua hilo.

Ndiyo maana Yesu na wanafunzi wake, usiku ule wa mwisho, waliimba kabla ya kwenda Mlima wa Mizeituni. Ndiyo maana Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane na miguu iko kwenye mkatale. Hakukuwa na watazamaji wa kuwapigia makofi. Kuna saa ambazo mtu akiongea sauti inakatika, lakini akiimba na wenzake anafika mwisho wa mstari, kwa sababu pale anapokwama mwenzake anamvusha. Aliyewahi kukesha msibani anajua ninachosema.

Kiswahili chetu kimeshatusaidia. Kuna kuimba, kuna kuimbia, na kuna kuimbisha. Mwanamuziki ukumbini anakuimbia, umemlipa, ni halali yake. Kwaya kanisani kazi yake kubwa ni kuimbisha.

VIJANA, MSINIRUSHIE MAWE

Najua mnachosema. "Huyu mzee kashazeeka, anataka turudi kwenye nyimbo za kuvutana kama gundi." Hapana jamani! Kwanza mimi ni mtoto wa kwaya, nimeshasema iliniokoa. Najua kwaya imewaweka wengi mbali na bangi, imewapa wengine wachumba, imewafungulia wengine kazi ya muziki. Akina Rose Muhando na Bahati Bukuku wameimba injili mpaka watu wa dini nyingine wanacheza. Spika si dhambi, kinanda si dhambi. Zwingli alivunja vinanda, na watu wake wakakaa zaidi ya miaka 70 bila wimbo. Huko hatuendi.

Ninachoomba ni vitu vidogo tu, na vyote nimeviona vikifanya kazi.

Kwanza, wimbo wa kitabuni uacheni pale watu wanapoweza kuufika. Mwanamama wa kawaida na baba aliyeamka saa kumi na moja alfajiri hawawezi kupanda huko mnakopanda nyinyi mliofanya mazoezi wiki nzima. Shusheni kidogo, muone kanisa litakavyofunguka.

Pili, mkiwa na wimbo mpya, tufundisheni kiitikio kabla ya kuanza. Dakika mbili hazitawapotezea kitu. Mapambio yamependwa miaka yote kwa sababu hiyo: maneno machache, mmoja anatoa, wote wanaitikia. Huo ndio mtindo wa babu zetu kwenye jembe na kwenye makasia.

Tatu, ubeti wa mwisho zimeni vyombo. Kabisa. Tuacheni wenyewe. Mtashangaa jinsi watu wanavyosikilizana pale ambapo hakuna spika ya kuwaficha.

Nne, habari ya pesa iandikwe mapema, kila mtu aione. Leo kanda hazipo, kazi zinapandishwa YouTube, lakini pesa ni ile ile na wachawi ni wale wale. Nani mwenye akaunti? Nani ana neno la siri? Ulizeni kabla hamjarekodi, msije mkaimba upendo huku mmenuniana kama sisi.

ALICHOTUACHIA BIBI

Nimalizie na huyo bibi. Alifariki mwaka 2004. Kaburini tulifika wa vipande vyote viwili vya ile kwaya, maana wote tulishakula vitumbua vyake, wengine kwa mkopo. Miaka sita hatukuwa tumesalimiana. Wao wakasimama upande ule wa kaburi, sisi upande huu. Kinanda kipo wapi, hakuna aliyeuliza.

Mchungaji akasema, wimbo. Kimya kama cha Jumapili ile. Safari hii hakukuwa na mtu wa benchi la tatu wa kutuokoa, maana ndiye tuliyekuwa tunamzika.

Fundi cherehani wetu alikuwa upande wao. Mvi zimemjaa. Akainamisha kichwa, akatoa sauti kwa mdomo kama zamani: "mmmh." Nikaisikia tena yangu ilipo. Sidhani kama nilifikiria kitu, nilishika tu. Soprano upande ule, alto upande huu, besi wamegawanyika pande zote mbili. Ukiimba sauti nne huwezi kumkwepa mwenzako, lazima umsikilize usije ukampotosha. Tuliimba wa kitabuni, beti zote. Safari hii nilizijua. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha siku hiyo, hotuba hazikuwepo, ila wakati wa kutupa udongo yule mwenyekiti tuliyedai kala pesa alinipa koleo, nami nikamwambia asante kaka. Baadaye tulikaa tukaongea. Lakini tulianzia pale.

Sasa nikirudi kwa mtoto wa dada yangu. Wiki iliyofuata nilimtafuta mwalimu wa ile kwaya ya zambarau, kijana mpole tu, na nikamweleza swali la mtoto. Niliogopa atanijia juu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Brazaa, unajua ukiwa kule mbele na spika zimekuelekea, huwezi kusikia kama watu hawaimbi."

Jumapili iliyofuata wimbo wa mwisho alizima vyombo, akawageukia watu. Tuliyumba, wengine tulikuwa mbele wengine nyuma, na mzee mmoja karibu yangu aliimba nje ya tyuni kabisa. Mtoto alipiga kelele kuliko wote, hajui maneno, anaokota ya mwisho wa kila mstari. Tulipotoka akaniuliza tena swali.

"Anko, kesho tena?"

Nikamwambia kesho ni Jumatatu, asubiri wiki. Na wewe msomaji, Jumapili hii simu iweke mfukoni, ufungue mdomo. Tukutane wiki ijayo.